Kingamwili Zikipungua, Kinga Haijaondoka

"Daktari, nilichanjwa mara mbili, mbona korona ilinishika tena?" Swali hili nimelisikia mpakani Malaba kwenye foleni ya malori, nikalisikia sokoni Owino, na hapa Entebbe halijaisha. Anayeuliza huwa ameshajijibu: ile sindano ilikuwa maji. Simlaumu. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022. Mtu aliyevumilia yote hayo, akachanjwa, kisha akalala na homa siku tatu, ana haki ya kununa. Kosa ni letu sisi wataalamu. Tulitaja "kinga" kana kwamba ni kitu kimoja.

Mfikirie fundi wa gomesi, lile vazi la sherehe la wanawake wa Uganda. Kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba, ikikaribia, cherehani hailali. Ndivyo ilivyo kirusi kinapoingia, au chanjo inapouonyesha mwili umbo lake: seli nyeupe za damu aina ya B huanza kutoa kingamwili, protini zinazoshika ile miiba ambayo kirusi hutumia kujipenyeza ndani ya seli zetu. Karakana yenyewe iko kwenye tezi, zile zinazovimba kwapani tukasema mtu ana mtoki. Humo seli B hujaribu mkato baada ya mkato. Zinazokosea vipimo hufa, zinazoshika barabara huzaana, na kazi hiyo huendelea kwa miezi, wewe umeshapona zamani na umerudi sokoni. Ndiyo maana kati ya dozi mbili za AstraZeneca ilishauriwa nafasi ya wiki 8 hadi 12. Wengi walidhani ni visingizio vya chanjo kuisha (na kuna wakati kweli iliisha).

Sherehe ikipita, fundi hashoni tena nguo zile zile. Kingamwili kwenye damu hupungua, na ni vizuri zipungue. Kama zile za kila ugonjwa tuliowahi kuugua zingebaki kwa wingi wa siku za homa, damu ingekuwa uji. Kinachobaki ni daftari la vipimo, yaani seli B za kumbukumbu. Mafundi wachache nao huhamia kwenye uboho wa mifupa, wakashona polepole kwa muda mrefu. Pembeni yao ziko seli T, ambazo baadhi yake huziua seli zilizokwisha kutekwa na kirusi. Hizi zina kumbukumbu ya ajabu: watu walionusurika SARS ya 2003, ugonjwa wa kirusi kilicho ndugu wa hiki, walipopimwa miaka 17 baadaye walikutwa bado nazo.

Basi mbona mtu huugua tena? Dereva mmoja alinitolea kadi yake ya homa ya manjano: "Hii nilichomwa mara moja tu, basi." Ni kweli, dozi moja humtosha mtu maisha yake yote. Lakini kirusi cha homa ya manjano huletwa na mbu, hupita kwenye damu ambako kingamwili zinakisubiri, na sura yake haibadiliki sana. Korona huanzia puani na kooni, mahali ambapo kingamwili za sindano ya begani hufika chache. Omicron, aina ya korona iliyobadilika, huweza kumkohoza mtu ndani ya siku 3 hivi, na kumbukumbu huhitaji siku kadhaa kuamka. Pua inashindwa, mapafu yanaokolewa.

Tena mteja hunenepa, yaani kirusi hubadilika umbo. Omicron ilipotangazwa Novemba 2021, mwiba wake ulikuwa na mabadiliko zaidi ya 30, na gomesi ya zamani ikambana. Seli T hazikuhadaika kiasi hicho, kwa kuwa hukitambua kirusi kwa vipande vyake vingi, si kwa mwiba peke yake.

Ninaowahofia ni wazee, ambao karakana yao imechoka; kwao dozi ya nyongeza huwaamsha mafundi upya. Kuna pia mwenye VVU aliyeacha dawa. VVU hushambulia hasa zile seli T zinazowasimamia mafundi wengine wote, kwa hiyo huyo simwambii habari za korona kwanza. Namwambia arudi kliniki akachukue ARV zake, na chanjo aulizie huko huko.