Mtu wa medani na mtu wa stoo: mpaka unaogawa jeshi

Kwenye kilabu kimoja cha ulanzi pale Ilula, wazee wawili waliostaafu jeshi wamekuwa wakitaniana tangu nianze kuwafahamu. Mmoja alikuwa askari wa miguu, mwenzake dereva wa lori. Salamu zikiisha, kamwene kwa kamwene, wa kwanza haachi kuchokoza: "Afande wa usukani, wewe vita ulivisikia redioni." Dereva hupiga funda, hufuta mdomo, halafu humjibu: "Na wewe risasi ulizichuma shambani?"

Dhana ninayotaka kuieleza imo ndani ya utani huo. Karibu kila jeshi lina mpaka usioonekana kwenye ramani wala kwenye kanuni. Upande mmoja wapo watu wa medani, wanaotumwa kumkabili adui uso kwa uso. Upande wa pili wapo wa stoo, jikoni, karakana, hospitali na mawasiliano, karani wa mishahara, na siku hizi yule anayerusha ndege isiyo na rubani akiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Wote wanavaa gwanda na saluti wanapigiana kwa cheo. Ila heshima ile ya mdomoni, ya kilabuni, haifuati cheo. Inapimwa kwa umbali uliokuwepo kati ya mtu na risasi.

Kiswahili chetu kinauficha mpaka huu kwa adabu. Neno askari linambeba kila mtu hadi mlinzi wa getini, na wanajeshi wetu huitwa wapiganaji hata kama kazi ya mtu ni kupuliza tarumbeta kwenye bendi. Lugha nyingine hazina haya hiyo. Wajerumani wa Vita Kuu ya Kwanza walikuwa na Etappenschwein, yaani nguruwe wa kambi za nyuma. Wafaransa wa vita hiyohiyo walimwita embusqué, aliyejificha, kijana aliyetafutiwa kiti cha ofisi ili asipelekwe kwenye mahandaki. Waisraeli wana jobnik. Wamarekani wana pog, kila asiye askari wa miguu, na kule Iraq wakaongeza fobbit, mtu ambaye hatoki nje ya ukuta wa kambi. Yapo na mengine, ila hayaandikiki mbele ya wakwe.

Aliyepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, iwe kambi ya Mafinga au Itende, anaijua mbegu ya jambo hili bila kusoma kitabu. Kuruta akipangiwa jikoni, wenzake wanamdharau kwa kukosa kwata na wanamwonea wivu kwa kushiba, yote mawili kwa wakati mmoja. Nadhani hapo ndipo chuki ya mstari wa mbele dhidi ya mstari wa nyuma inapozaliwa. Uoga wa mwenzio unaweza kuusamehe. Kinachouma ni kwamba analala pakavu na kula cha moto, na kalamu ya kuandika nani apate viatu vipya anaishika yeye.

Waandishi wa mambo ya kijeshi wanaotumia Kiingereza huzungumzia meno na mkia. Meno ni wanaopiga, mkia ni kila kinachowafikisha hapo na kuwaweka hai. Kwenye jeshi la leo lenye vifaru, ndege na kompyuta, mkia ni mrefu kuliko meno kwa mbali. Lakini mkia mrefu kuliko yote ninaoufahamu ulipita hapahapa kwetu, na haukuwa na mashine.

Mei 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, Malawi na Zambia za leo, kuingia nchi iliyokuwa ya Wajerumani. Yalichukua Tukuyu, wakati huo ikiitwa Neu Langenburg, yakapanda nyanda za juu, na tarehe 29 Agosti yakaingia Iringa. Hapakuwa na reli. Treni ya TAZARA ingepita Makambako karibu miaka 60 baadaye. Punda na ng'ombe hawakudumu, mbung'o na maradhi viliwamaliza. Kikabaki kichwa cha mwanadamu. Wabebaji wa upande huo waliitwa tengatenga, jina walilokuja nalo kutoka ng'ambo ya mto Songwe.

Piga hesabu mwenyewe. Mpe mtu mmoja mzigo wa kilo 25 za unga, na tuseme anakula kilo moja kwa siku, kwenda na kurudi. Kituo kikiwa mwendo wa siku tano, ataacha kilo 15 kwa askari. Kikiwa mwendo wa siku kumi, ataacha tano. Kikizidi siku kumi na mbili, hana cha kuacha: mzigo wote ni chakula cha mbebaji wake cha kwenda na kurudi, na askari aliyekuwa akiusubiri bado ana njaa. Ndiyo maana kila hatua ya askari kwenda mbele ilidai watu wengi zaidi nyuma yake, kisha watu wa kuwabebea chakula hao watu. Na hapo hatujataja risasi, mahema, dawa wala bunduki za mtombo.

Kwa upande wa Waingereza peke yake, katika Afrika Mashariki nzima, wapagazi waliotumika wanakadiriwa kukaribia milioni moja, na waliokufa humo ni zaidi ya 90,000. Wapiganaji wa upande huohuo waliokufa ni kama 11,000. Wapagazi wengi hawakuguswa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, nimonia na njaa, watu wa mabondeni waliopandishwa kwenye baridi ya milimani wakiwa na blanketi moja. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sasa kipimo cha kilabuni kinasemaje hapo? Tukipima kwa ukaribu na risasi, mpagazi alikuwa mtu wa nyuma. Tukipima kwa ukaribu na kaburi, yeye ndiye aliyekuwa mbele.

Kumbukumbu zilifuata kipimo cha kwanza. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa 1927, inamwonyesha askari na bunduki yake yenye singe. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini wenyewe hawapo juu pale. Sanamu ya Nairobi ya vita hiyohiyo angalau ina watu watatu, na mmoja wao ni mbebaji. Dar es Salaam waliachiwa jina la soko: Kariakoo, kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichokuwa na kambi pale. Iringa mjini yapo makaburi ya vita yaliyotunzwa vizuri. Ukitafuta humo majina ya tengatenga utachoka. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu, na ikaomba radhi.

Vita ya Kagera sitaikalia sana. Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba uwezo wa kumpiga Amin tunao, neno uwezo, kwa masikio yangu, lilikuwa na harufu ya dizeli. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kupeleka watu na vitu Kagera, safari inayozidi kilomita elfu moja kwa aliyetokea Iringa. Daraja la Kyaka lilikuwa limevunjwa, kwa hiyo wahandisi ilibidi watengeneze njia ya kuvuka kabla mzinga wowote haujaona ng'ambo. Yule dereva wa Ilula alikuwa kwenye misafara hiyo. "Nilibeba makombora," aliniambia. "Risasi moja tu ikiingia kwenye bodi, mwanangu, hata kandambili zangu zisingepatikana."

Vita visivyo na mstari ulionyooka ndivyo vilivyomwumbua zaidi anayedharau stoo. Machi 23, 2003, msafara wa kombania ya Marekani ya matengenezo ya magari, ya 507, ulipotea njia ukaingia Nasiriyah, kusini mwa Iraq. Askari 11 wa kombania hiyo waliuawa. Miongoni mwa waliotekwa alikuwemo Shoshana Johnson, ambaye kazi yake jeshini ilikuwa upishi.

Kisha ikaja droni, ile ndege isiyo na rubani, na hoja ikageuka. Mpishi, dereva na mpagazi walisemwa kwa sababu hawaui. Rubani wa droni anaua. Anakaa kituo kama Creech, jangwani Nevada, anamfuatilia mtu aliye bara jingine kwa saa nyingi, siku nyingi, anamwona akinywa chai na watoto wake, halafu siku moja anabonyeza. Zamu ikiisha anaendesha gari kurudi nyumbani. Je, huyo ni mtu wa medani?

Februari 2013 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Leon Panetta, alijaribu kujibu. Alitangaza nishani mpya kwa watu wa droni na wa mitandao, akaipanga juu ya Bronze Star na juu ya Purple Heart, ile anayopewa aliyejeruhiwa au kuuawa na adui. Maveterani walikuja juu. Mtu aliyekatika mguu akae chini ya mtu aliyekaa kwenye kiti? Miezi miwili baadaye waziri aliyemfuata, Chuck Hagel, akaifuta. Mwaka 2016 ikapatikana suluhu ya kiofisi hasa: nishani zilezile za zamani, lakini ya mtu wa mbali inabandikwa herufi R, ya neno remote, yaani mbali.

Kwa maoni yangu herufi hiyo imeeleza dhana nzima kuliko kitabu. Imefichua kwamba kumuua adui hakukuwa ndiyo kipimo, wala kulisaidia jeshi lishinde. Kinachohesabiwa ni kama na wewe ungeweza kufa. Maumivu ya akili hayamo kwenye hesabu hiyo, ingawa uchunguzi wa kitengo cha afya cha jeshi hilohilo mwaka 2013 ulikuta marubani wa droni wanapatwa na matatizo ya akili kwa kiwango kisichopishana sana na marubani wanaopanda ndege wenyewe.

Na kipimo chenyewe kinazidi kuyumba. Kule Ukraine warusha droni wengi hawako mbali. Wanajificha kwenye mahandaki na vyumba vya chini kilomita chache kutoka kwa adui, na adui anawawinda kuliko anavyomwinda askari wa miguu. Anga limejaa macho, gari likisogea barabarani linapigwa. Kwa hiyo maji, betri na risasi vya kilomita za mwisho mara nyingi hupelekwa na watu wanaotembea usiku, mzigo mgongoni, wakipitia vichakani.