Kile kidonge kidogo cha B6

Wiki iliyopita dada mmoja alinitolea kopo kwenye mkoba akaliweka juu ya kaunta. Limeandikwa GABA kwa herufi kubwa, kalinunua mtandaoni. "Dokta, wanasema inatuliza ubongo. Kweli?" (Mimi ni mfamasia, lakini nimeshachoka kusahihisha.) Nikamwambia GABA kweli ndiyo kemikali inayofanya kazi kama breki ya ubongo, ila ile ya kumeza hupenya kwa shida sana ukuta unaotenga damu na ubongo. Akanuna. Bei yake haikuwa ndogo.

GABA ubongo huitengeneza wenyewe, na malighafi yake ni glutamati, kemikali ileile inayochangamsha chembe za neva. Kimeng'enya kimoja kinaipunguza glutamati kipande, basi: kichocheo kimegeuka kitulizaji. Kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila vitamini B6. Miaka ya mwanzo ya 1950 huko Marekani, watoto wachanga walionyweshwa maziwa ya kopo ambayo B6 yake iliharibiwa na joto kiwandani walishikwa na degedege. Walipopewa B6, likakoma.

Hapo ndipo ninapogombana na wagonjwa wangu wa TB. Isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1952, inaivuruga B6 mwilini, ndiyo maana wengi hupewa na kidonge kidogo cha pairidoksini, yaani hiyo hiyo B6. Wanakiacha. "Si vitamini tu hiyo?" Wanarudi miguu ina ganzi, nyayo zinawaka moto. Na mtu akimeza isoniazidi nyingi kwa mkupuo, GABA inashuka vibaya, anashikwa na degedege ambalo diazepamu, dawa ya kawaida ya kutuliza degedege, peke yake mara nyingi hailiwezi. Diazepamu haileti GABA mpya. Inaipa nguvu iliyopo, na hapa iliyopo ni kidogo. Kinachomwokoa ni B6 ya sindano, gramu kwa gramu na isoniazidi aliyomeza.

Pombe ni kisa kingine. Yenyewe inakanyaga breki ya GABA na papo hapo inaibana glutamati. Ubongo wa mnywaji wa kila siku nao unajipanga: unapunguza usikivu wake kwa GABA na kuongeza vipokezi vya glutamati, yaani sehemu za chembe za neva zinazoipokea, ndiyo maana utamwona mtu kapiga gongo tangu alfajiri na bado anakuhesabia chenji bila kukosea. Sasa Kwaresima inaingia, au Ramadhani, anaapa kuacha na anaacha kweli, siku hiyohiyo. Pombe imetoka, vipokezi vya glutamati vimebaki vyote. Mikono inaanza kutetemeka baada ya saa chache. Degedege likija, huja zaidi ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine wanaweweseka, wanaona wadudu ukutani, jasho linawatiririka, na nyumbani wanasema karogwa. Hali hiyo inaua. Hospitalini hupewa diazepamu, kisha inapunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1.

Kwa hiyo mtu akiniambia, "Baba ameamua, kesho anaacha," simpongezi kwanza. Namuuliza kama mzee huamka anatetemeka, akapiga moja ndipo mikono itulie. Akiitikia, namwambia wampeleke hospitali leo, kabla ya hiyo kesho.