Aliyepumua Dakika Kumi Naye Ni Mrithi

Kwa mara nyingine nimeletewa muhtasari wa kikao cha ukoo unaotaja warithi watatu, yaani mke, mama na baba wa marehemu, bila kudokeza popote kwamba mjane alijifungua mtoto wa kiume baada ya arubaini na kwamba mtoto huyo alifariki siku ileile. Nilipouliza, mzee mmoja alinijibu kwa upole: "Yule ni malaika, wakili. Hakuwahi kumiliki hata nepi." Kauli hii nimeichoka, na zaidi ninapoisikia kutoka kwa watu waliosoma madrasa.

Katika mirathi ya Kiislamu, mimba iliyokuwapo siku marehemu alipofariki ina fungu linalowekwa kando, na fungu hilo huthibiti mtoto akitoka hai, aishi dakika moja au miaka themanini. Akitoka mfu, hesabu hufanywa kana kwamba hakuwapo. Hadi hapo hakuna ugumu wowote. Eda ya mjane mjamzito nayo humalizika anapojifungua, wala si kwa miezi 4 na siku 10, hivyo sielewi haraka ya kugawa mali arubaini inapoisha ilhali tumbo linaonekana na kila aliyehudhuria hitima.

Linaloniudhi ni dhana kwamba mtoto aliyezaliwa na kufa hapohapo "habadilishi kitu", kwa kuwa mali itarudi kwa walewale. Tufanye hesabu. Marehemu hakuwa na watoto wengine, na baada ya madeni na wasia imebaki shilingi milioni 72. Mtoto akizaliwa mfu, mke hupata robo, milioni 18. Mama wa marehemu hupata theluthi ya kilichobaki, nayo ni milioni 18. Baba hupata milioni 36. Mtoto wa kiume akizaliwa hai, mke hushuka hadi thumni (moja ya nane), milioni 9, babu na bibi wa mtoto, yaani baba na mama wa marehemu, hupata sudusi (moja ya sita) kila mmoja, milioni 12, na mtoto huchukua milioni 39. Anapofariki, milioni 39 zile ni mirathi yake mwenyewe: mama yake hupata theluthi, milioni 13, na babu yake huchukua milioni 26. Bibi hapati kitu katika mirathi ya pili, kwa sababu mama wa mtoto humzuia.

Jumlisha sasa. Mjane amepanda kutoka milioni 18 hadi 22, babu kutoka 36 hadi 38, na bibi ameshuka kutoka 18 hadi 12. Kwa hiyo mtoto aliyepumua dakika kumi amehamisha milioni sita, na anayemfuta katika orodha humnyang'anya mjane milioni nne, hata kama nia yake ilikuwa kupunguza makaratasi. Mtoto angekuwa wa kike hesabu ingekuwa nyingine, lakini jibu lingekuwa lilelile: lazima atajwe.

Makaratasi nayo ni tatizo. Kizazi husajiliwa ndani ya siku 90 na kifo ndani ya siku 30, lakini familia iliyozika baba juzi na mtoto leo haikumbuki RITA, wakala wa serikali ya Tanzania unaosajili vizazi na vifo. Huzika jioni, tangazo la kizazi likabaki hospitalini, na baada ya miaka miwili nyumba inapotaka kuuzwa ndipo natumwa kutafuta ushahidi. Imamu Shafii, ambaye watu wa pwani humfuata, anataka wanawake wanne washuhudie kwamba mtoto alitoka hai. Atakayenionyesha wodi ya leba yenye wakunga wanne kitanda kimoja usiku wa manane, nitamlipia nauli. Mimi hupeleka faili la mkunga, na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo, kwa busara yake, mara nyingi hulikubali.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo mimi mwenyewe husita. Faili linaposomeka: "mapigo ya moyo yapo, hakulia, amesaidiwa kupumua kwa mfuko", je, alitoka hai? Imamu Malik alitaka kilio. Wengine wanatosheka na chafya, kunyonya au mjongeo ulio wazi, ila hukataa mtikisiko unaofanana na ule wa mnyama aliyekwisha kuchinjwa. Wanazuoni wale hawakuwa na kipimo cha kusikiliza moyo. Huwa natetea kwamba moyo unaodunda ni uhai, na bado nakiri kuwa hoja ya upande wa pili si ya kupuuzwa. Nimewahi kutoka mahakamani nikiwa nimeshinda, lakini sina hakika kama nilikuwa sahihi.

Mwisho, kuhusu maneno "mjane ameshasamehe". Kusamehe kunaruhusiwa, lakini mtu husamehe kilicho chake, akikijua kiasi chake. Mwanamke aliye kitandani baada ya kupoteza mume na mwana, ambaye hajaambiwa kwamba fungu lake ni milioni 22, hajasamehe chochote. Andikeni kwanza jina la mtoto, hata kama hamkuwahi kumpa na litasomeka "mtoto wa kiume wa marehemu", kisha fungu la kila mmoja kwa tarakimu. Baada ya hapo mjane akitaka kumwachia mama mkwe wake milioni sita, nitaiandaa hati hiyo bila malipo.