Kitanzi kisicho na mkondo hakimaanishi uga sifuri

Nimemaliza kusahihisha rundo jingine la majibu ya swali la uga wa sumaku wa bamba nene linalopitisha mkondo wa umeme, na sentensi ni ile ile: "Katikati ya bamba uga ni sifuri kwa sababu kitanzi hakifungi mkondo wowote." (Kitanzi ni njia ya kufikirika inayojifunga yenyewe.) Jibu ni sahihi, sababu ni mbovu kabisa. Mimi alama ya sababu siitoi. Wanafunzi wangu hapa Nairobi wananung'unika kwamba walimu wengine hutoa, basi acha nieleze kwa urefu.

Swali lenyewe mnalijua. Bamba halina mwisho upande wa x wala wa y, unene wake ni 2a, kuanzia z = −a hadi z = +a. Msongamano wa mkondo J ni sawa kila mahali na unaelekea x. Ndani, sehemu ya uga inayoelekea y ni B_y = −μ₀Jz, ambapo μ₀ ni namba isiyobadilika ya sumaku. Nje, ukubwa wa uga ni μ₀Ja, haupungui hata uende mbali vipi, ila juu ya bamba unaelekea kinyume cha chini. Chora mstatili wenye upande mmoja kwenye z = 0, mwingine pale unapotaka, hesabu mkondo uliomo, basi. Mistari mitatu.

Ugomvi wangu uko kwenye huo upande wa z = 0. Nani kakwambia uga wake ni sifuri?

Si Ampère, mwenye sheria ya kitanzi tunayoitumia hapa. Sheria yake haisemi neno kuhusu uga wa nukta moja. Inasema ukizunguka kitanzi kizima ukijumlisha ile sehemu ya uga inayofuata njia yako, utapata μ₀ mara mkondo unaopita ndani. Sasa chora mstatili ulio nje kabisa ya bamba, upande mmoja kwenye z = 2a, wa pili kwenye z = 5a. Mkondo ndani: sifuri. Jumla: sifuri. Uga je? Ni μ₀Ja pande zote mbili! Unakwenda nao upande mmoja, unarudi kinyume chake upande wa pili, michango inafutana. Na mwanafunzi aliyeandika ile sentensi ameandika pia, mistari miwili chini yake, kwamba nje uga si sifuri. Hakuona kwamba amejipinga mwenyewe. Kitanzi kinakupa tofauti ya uga kati ya pande mbili. Huwezi kupata uga wenyewe kabla hujaujua upande mmoja kwa njia nyingine.

Njia hiyo ni ulinganifu. Zungusha bamba nyuzi 180 kwenye mhimili wa x. Mkondo uko vile vile, kwa hiyo uga nao lazima ubaki vile vile. Lakini y imekuwa −y na z imekuwa −z, kwa hiyo B_y(−z) = −B_y(z). Kwenye z = 0 unahitaji namba iliyo sawa na hasi yake, na namba hiyo ni moja tu. B_x na B_z zinaondolewa na kioo kilichosimama kwenye bapa la xz. Kumbuka tu kwamba kwa uga wa sumaku kioo hugeuza sehemu zilizo sambamba nacho na kuiacha iliyo wima kwake.

Anayedhani nabishana bure ajaribu hili: J = J₀z/d, bamba likianzia z = 0 hadi z = d. Wengi huweka sifuri kwenye d/2 kwa sababu "ni katikati". Sivyo. Likate bamba katika tabaka nyembamba. Kila tabaka linatoa uga wa ukubwa mmoja juu na chini yake, mielekeo kinyume. Sifuri basi iko pale nusu ya mkondo inapokuwa juu yako na nusu chini yako, yaani z = d/√2, karibu 0.71d.

Kuna jambo linalonisumbua ambalo vitabu vingi vinalipita. Ukiligawa bamba kuwa nyaya na kuzijumlisha moja moja, B_y inatulia vizuri. B_z haitulii. Ukikomea umbali L₁ kushoto na L₂ kulia, unabaki na kitu kinachofuata ln(L₂/L₁), na kupeleka zote mbali hakukifuti; kinategemea uwiano wa L₂ na L₁. Tunaposema "kwa ulinganifu" tumekwisha kuamua kimya kimya kwamba tumesimama katikati ya kitu kisicho na katikati. Sijui namna safi ya kumwambia mwanafunzi wa mwaka wa pili jambo hili, lakini kumficha sitaki.

Kwenye bamba halisi kingo zipo, na shaka hiyo inakwisha. Chukua bamba la shaba la bodi kuu ya umeme ya jengo, upana milimita 100, unene milimita 10, mkondo usiogeuka wa ampea 1,500. Fomula ya uga wa nje, μ₀Ja, inatoa militesla 9.4. Usoni pa shaba, katikati ya upana, utapata karibu 9, si haba. Rudi nyuma mita moja: fomula bado inang'ang'ania 9.4, lakini bamba sasa ni kama waya tu na uga ni militesla 0.3. Ukiweka umeme wetu unaogeuka, wa hezi 50, mkondo unasukumwa kwenye kingo, J haiwi sawa tena, na hata ile μ₀Jz ya ndani inabidi uiache.