Kwa nini duka la mtandaoni la Mbeya hukwamia stendi?

Chukua muuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa, jijini Mbeya. Simu janja anayo, bando analo, picha kaziweka kwenye status ya WhatsApp, na mteja wa Mbagala, Dar es Salaam, ameshauliza bei. Kama kikwazo kingekuwa intaneti peke yake, mchele ungekuwa umeshauzwa. (Makete au Ileje ni habari nyingine: kilima kikiukinga mnara, hata hiyo status haipandi.)

Kinachofuata ni mvutano wa nani aanze. Mteja anaogopa kutapeliwa, anataka alipe mzigo ukifika. Muuzaji anamwambia, "Tuma hela kwanza, na ya kutolea." Wakiwa wote Dar es Salaam, bodaboda huyamaliza: analeta mzigo, mteja anaukagua mlangoni, analipa. Lakini kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na mlima wa Kitonga uko katikati. Mzigo unapanda basi, na kazi ya basi ni kufikisha, si kumdai mtu hela.

Basi muuzaji anaandika jina na namba ya simu kwa maka peni juu ya kiroba, analipia ofisi ya mizigo, anapiga picha risiti na kumtumia mteja pamoja na namba ya konda. Kesho yake mteja atoke Mbagala mpaka stendi ya Mbezi kuufuata. Kwa kiroba cha kilo 5, gharama ya basi, nauli ya daladala na makato ya kutuma na kutoa hela vikijumlishwa, afadhali anunue dukani kwa jirani. Ndiyo maana wengi huishia kuuza magunia tu. Hapo, kusema kweli, ni biashara ya jumla ileile ya zamani, ila oda imeingia kwa simu.

Semina nyingi za ujasiriamali wa kidijitali hufundisha kupiga picha na kufungua kurasa. Si vibaya, ila kiroba hakisafiri kwa picha nzuri. Hata Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni yenye mtaji ambao mtu wa Mwanjelwa hauoti, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Anwani za makazi zilipigiwa kampeni nchi nzima mwaka 2022, lakini maelekezo bado ni "ukifika kanisani nipigie."

Wanaofanikiwa huwa na mtu wao mjini: shangazi wa Kimara, au kijana waliyesoma naye. Anapokea gunia Mbezi, analipima kilo tano tano nyumbani, anamwita bodaboda, na mteja analipa akiuona mchele. Naye hukata chake. Asiye na shangazi Dar anabaki kuwauzia watu wa Soweto na Uyole za hapohapo Mbeya, na wa Tunduma, ambao mchele huo huo wanaupata sokoni kwao bila kununua bando.