Kivuli si cheusi

Jumamosi iliyopita mzee mmoja aliingia kwenye chumba chetu cha maonyesho hapa Dodoma, akazunguka taratibu, mikono nyuma, kisha akasimama mbele ya picha ya mwanafunzi wangu. Ni picha ya ukuta uliopakwa chokaa, mwarobaini ubavuni, ndoo ya maji chini. Nilimwamkia, akaitika, akaendelea kutazama. Halafu akasema: "Mwalimu, huyu binti mmempa rangi gani? Kivuli cha bluu mmekiona wapi? Kivuli ni cheusi."

Nilimvutia kiti, tukazungumza, akaondoka bila kukubali. Ilikuwa mara ya nne mwezi huu. Wazazi wanasema hivyo. Fundi anayetutengenezea fremu alisema hivyo. Wanafunzi wapya nao wanasema hivyo bila kufungua mdomo: kwenye kila boksi la rangi, tyubu nyeusi inaisha kabla ya nyingine zote. Nimechoka kulieleza nikiwa nimesimama mlangoni, kwa hiyo naliandika.

Anza na jambo dogo. Saa saba mchana, kaa chini ya mwarobaini usome gazeti. Unasoma vizuri kabisa, hata maandishi madogo. Unasomea mwanga gani, kama pale ni peusi? Mti umezuia jua, haukuzuia mbingu. Anga lililo wazi pande zote linamwaga mwanga, na mwanga huo una bluu nyingi kwa sababu hewa hutawanya bluu kuliko nyekundu. Kwa hiyo kivuli kina mwanga wake. Ni hafifu kuliko ule wa jua, na rangi yake ni nyingine.

Sasa mwanga huo uangukie ukuta wa chokaa. Cheupe hurudisha karibu kila kinachopewa. Kikipewa jua, kinarudisha jua. Kikipewa anga, kinarudisha anga. Ndiyo maana kivuli cha mwarobaini kwenye ukuta mweupe kinaelekea bluu. Na ukishuka na macho mpaka chini ya ukuta, karibu na ardhi, utakuta kinageuka tena, kinakuwa cha chungwa kidogo, kwa sababu jua linapiga udongo wetu mwekundu na udongo unautupia ukuta wekundu wake. Kivuli kimoja kina rangi mbili ndani ya mita moja na nusu. Ukikipaka cheusi umezifuta zote mbili.

Mbona basi watu hawazioni? Hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu wengi hukimbilia kusema "hawana jicho la kisanii", na hilo linaniudhi kuliko hata kivuli cheusi chenyewe. Jicho wanalo. Ubongo ndio unaowasahihishia. Unajua kwamba ukuta ni mweupe, basi unakuambia ni mweupe asubuhi, jioni, kivulini na chini ya taa. Bila huduma hiyo usingemtambua mtoto wako akitoka juani na kuingia ndani. Ni kazi njema, ila mchoraji anatakiwa aisimamishe kwa muda.

Lugha nayo ina mkono wake. Kiswahili kina rangi tatu zinazofuata ngeli: ukuta mweupe, udongo mwekundu, kivuli cheusi. Nyingi ya zilizobaki tumeziazima kwa vitu: kijani kwa jani, kijivu kwa jivu, kahawia kwa kahawa, zambarau kwa tunda lake, manjano kwa kiungo cha mchuzi. Tukisema "cheusi" mara nyingi hatutaji rangi hata kidogo, tunasema pana giza. Mawingu meusi ya Desemba si meusi. Yule mzee, basi, hakukosea Kiswahili. Kosa linaanza pale mtu anapochukua neno hilo na kwenda kulitafuta kwenye tyubu.

Dawa yake ni karatasi ya manila. Kata kipande cha ukubwa wa daftari, toboa katikati tundu la kupitisha penseli, nyosha mkono, funga jicho moja, tazama kivuli kupitia tundu. Usitazame mti wala ukuta, tazama tundu tu. Mama mmoja anayeuza zabibu, mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili sasa, alipofanya hivyo mara ya kwanza alishusha mkono, akaangalia nyuma ya manila kama kuna kitu nimekibandika, akainua tena. Kisha akasema, "Kumbe kina udongo." Alikuwa ameelekeza tundu chini ya ukuta. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu udongo.

Kuhusu kuchanganya nitakwenda haraka, hili hufundishwa kwa mkono. Nyeusi ya tyubu ukiitia kwenye manjano inatoa kijani cha mzeituni, kwa hiyo mwanafunzi anayetaka manjano yenye kivuli anapata ndizi mbichi na hajui imetoka wapi. Ukiitia kwenye nyekundu inaua joto lake. Ninachotumia ni siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, na bluu iliyokolea iitwayo ultramarini. Ukizisawazisha unapata giza linalokaribia weusi. Ukizidisha siena linapata joto, ukizidisha bluu linapoa. Na wakati wa kiangazi weka kitambaa chenye maji chini ya karatasi ya paleti, pale unapochanganyia rangi, maana upepo wa hapa unakausha akriliki, rangi zetu za maji, kabla hujarudisha brashi. Darasa letu huanza saa mbili asubuhi kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu ya vivuli vyenyewe. Dodoma iko nyuzi sita na kidogo kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Machi, na tena wiki ya pili ya Oktoba, jua la saa sita na nusu linakaa utosini, na kivuli cha mti kinajikunyata chini ya matawi yake. Hakuna cha kuchora hapo.

Kwenye ngozi kosa hili linauma zaidi. Mtu anamchora mama yake kwa upendo wote, anapaka kahawia, halafu upande wa kivuli anatia nyeusi, na mama anaonekana amepakwa masizi. Mtoe mama nje saa nne asubuhi umtazame. Pale paji la uso linapong'aa, mng'ao umechukua bluu ya anga. Shavu lililo kivulini linaelekea damu ya mzee. Chini ya kidevu pana rangi ya nguo aliyovaa, akiwa na kitenge cha manjano utaiona manjano pale. Uso mweusi ni uso wenye rangi nyingi kuliko ukuta wowote, na sitaruhusu mwanafunzi yeyote aufunge kwa tyubu moja.

Lakini kuna upande wa pili, na huo pia unanikera. Wanafunzi wakishaamini kwamba kivuli si cheusi, wanakimbilia kukifanya bluu kila mahali, ndani ya nyumba, siku ya mawingu, chini ya taa. Hiyo ni imani mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, na macho bado yamefumbwa. Mbingu ikifunikwa, bluu inaondoka na kingo za kivuli zinalainika. Mwezi wa tisa, vumbi likijaa hewani, anga letu linakuwa jeupe na vivuli vinafifia kuelekea kijivu. Kivuli cha Septemba si kivuli cha Januari baada ya mvua.

Na lipo swali ambalo silimalizi. Ukienda Kolo, kaskazini mwa Kondoa mjini kwenye barabara ya Babati, utaona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Nyekundu ndiyo iliyotawala, baadaye ikaja nyeupe, na nyeusi ipo hapa na pale. Watu warefu, twiga, pundamilia, na hakuna hata mmoja mwenye kivuli. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, aliwasimamisha wanyama wake wazi mbele ya macho na nyeusi akaitumia bila woga. Wote hao walikuwa wachoraji kamili. Basi kuna siku narudi nyumbani najiuliza kama nawafundisha vijana kuona, au nawafundisha desturi moja ya kuona iliyokuja kutoka mbali. Jibu langu la sasa ni hili: ukiamua kuacha kivuli, kiache. Ukiamua kukichora, kitazame kwanza. Siena ninayowapa rangi yake inatokana na oksidi ya chuma, na ndiyo iliyo kwenye udongo wa uani kwetu na kwenye wekundu wa Kolo, kwa hiyo si kila kitu mezani pangu ni cha kigeni. Lakini sidai kwamba jibu hilo linatosha.

Nirudi kwa mzee. Alipoondoka niliitazama upya ile picha, nikaona kwamba bluu haikuishia ukutani. Binti alikuwa ameishusha mpaka kwenye ardhi. Hapo nikaona mzee ana nusu ya haki. Udongo mwekundu hunyonya bluu, haurudishi, kwa hiyo kivuli juu yake kinapaswa kuwa chekundu cha giza, kinaegemea zambarau kidogo. Jumatatu nikamwita binti nikamwambia ukuta uache, ardhi uirudie.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, ilikuwa imetoka kunyesha."

Alipoondoka nilijaza ndoo bombani, nikaimwaga chini ya mti, nikachuchumaa pale aliposimama siku ile. Udongo ulikuwa umekolea, na juu yake palikuwa na utando mwembamba wa maji. Katikati ya kivuli kulikuwa na kipande cha anga, cha bluu, kikubwa kama sinia.

Picha haijaguswa. Mzee amesema atapita tena Jumamosi, na nimeshamkatia manila yake.