Je, kila mzee aliye kwenye makao ya kanisa ametupwa na wanawe?

Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba mzee anayeishi kwenye makao yanayosaidiwa na kanisa ametelekezwa, na kwamba kilichobaki kwake ni kupokea na kushukuru. Imani hiyo ina mzizi wa heshima: kwetu, kumtunza mzazi ni wajibu wa mtoto.

Waliotelekezwa wapo. Lakini wapo pia ambao hawakujaliwa watoto, waliowazika wote, waliokimbia tuhuma za uchawi, na waliozeekea mbali na kwao, kwenye mashamba ya mkonge, hadi wakapotezana na ukoo.

Wala hawakai kupokea tu. Mwenye nguvu huchambua mboga au kulisha kuku. Bibi anayeona vizuri humsomea Biblia mwenzake asiyeona. Jumuiya inayoleta unga na sabuni nayo huombewa kwa majina, na vijana wake huondoka na nasaha. Shukrani inakwenda pande zote mbili, na kwa maoni yangu hilo ndilo tunalolisahau zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 57, inataja haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, tena kabla ya kutaja matunzo ya familia na Serikali.

Ukitaka kuhakikisha, omba ruhusa kwa mlezi, nenda siku isiyo ya sikukuu, uliza wazee hupokelewaje na kama makao yamesajiliwa. Kisha kaa na wazee wenyewe, uwaamkie, uwasikilize.